Ukipanda Salgaa Ukapata Lami Imebonyea, Hii Ndio Story Yake

Umewahi kutoka Nakuru ukienda Eldoret, mkipita Salgaa mkaanza kupanda Sachangwan, ukaskia tairi za mathree zimeingia kwa mtaro na dere anapigana na usukani? Hilo si shimo. Ni lami imebonyea pale tairi za trela hupita kila siku. Mvua ikinyesha, mtaro unashika maji, na msee wa nduthi akiingia hapo na spidi, ni ngori.

Mbona mlimani? Lami ni kokoto na mchanga, karibu asilimia 95. Iliyobaki ni gundi nyeusi, bitumeni. Jua likiwaka, gundi inalegea. Trela likipita mbio, linaigusa tu na kuondoka. Likipanda polepole na mzigo, linaikalia, na lami inasukumwa kando kidogo kidogo.

Hapo ndio polima inaingia. Inayotumika sana ni SBS, aina ya mpira ambayo pia hutengeneza soli za viatu. Bitumeni inapashwa moto hadi nyuzi 170 au 180 hivi, halafu SBS ya asilimia 3 hadi 6 inasagwa ndani yake. Mpira huo unajenga kama wavu ndani ya gundi. Trela likipita, lami inabonyea kidogo halafu inarudi. Na usiku ule wa baridi ya Mau Summit, haipasuki haraka.

Lakini usichezwe, polima si uchawi. Ni ghali, so inafaa zaidi pale kuna shida: mlimani, kwa raundabauti, na penye trela husimama. Pia haiokoi barabara yenye msingi mbovu. Maji yakiingia chini, juu itapasuka tu.

Halafu kuna mzigo. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba ekseli ikibeba uzito mara mbili, barabara inaumia karibu mara 16. Ndio maana kuna mizani pale Gilgil. Trela moja likihepa mizani, ni wewe na mimi tunalipa.

So ukiona lami mpya inawekwa mtaani kwenu, usifurahie weusi wake pekee. Uliza mambo matatu: gundi ni gani, maji yatapitia wapi, na malori yatapimwa na nani?