Tezi ya Shingoni: Ikatwe Yote au Nusu?

Leo tutajifunza habari za tezi iliyo shingoni, mbele ya koo.

Zamani, huko Uswisi, watu wengi waliota rovu. Daktari Theodor Kocher wa mji wa Bern aliwapasua kwa ustadi, na baadhi yao akawaondolea tezi yote. Vidonda vilipona, wakaenda zao.

Mwaka 1882 daktari mwingine, Jacques-Louis Reverdin, alimwambia kuwa wagonjwa wa namna hiyo hudhoofika baadaye. Kocher akawaita wake awatazame. Lo! Wengi wa waliokatwa tezi yote walikuwa wamevimba nyuso na kupumbaa. Watoto walikuwa wamedumaa. Mwaka 1883 aliwaeleza madaktari wenzake waziwazi, akaacha kukata tezi yote kwa sababu ya rovu.

Mwaka 1891, huko Uingereza, George Murray alimtibu mtu aliyepungukiwa na nguvu ya tezi kwa dawa iliyotokana na tezi ya kondoo. Ndiyo sababu leo mwenye saratani ya tezi aweza kukatwa yote, akaishi kwa kumeza kidonge kila siku. Saratani ikiwa ndogo, pengine nusu yatosha.

Swali: Kwa nini Kocher aliwaita watu ambao vidonda vyao vimekwisha kupona?