Nani mwenye asubuhi ya mtoto?

Historia ya darasa la sita katika shule za Kiyahudi za Marekani

Ratiba ya darasa la sita katika shule ya kutwa ya Kiyahudi nchini Marekani huchosha hata kuisoma. Inaanza na sala ya asubuhi. Inafuata Torati pamoja na ufafanuzi wa Rashi, mfafanuzi wake mashuhuri, kisha vitabu vya Manabii, Mishna (mkusanyo wa sheria za dini), na katika shule nyingi Gemara, yaani mijadala ya marabi juu ya Mishna (zikiwa pamoja huitwa Talmudi), ambayo mtoto anaionja mwaka huo kwa mara ya kwanza. Kuna Kiebrania pia. Hapo hujagusa hesabu, sayansi, Kiingereza, historia wala michezo, masomo yale yale anayosoma mtoto wa jirani katika shule ya serikali, na kwa kiwango kile kile, kwa sababu vyuo vikuu havimpunguzii mtu alama za kuingilia eti alikuwa anasoma Talmudi. Mwanafunzi mwenyewe ana miaka 11 au 12.

Aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki, asubuhi shule na jioni chuoni kwa mwalimu wa Kurani, hatashangazwa na mzigo huo. Elimu dunia na elimu akhera zimegawana siku za watoto wengi. Wayahudi wa Marekani waliamua kuziweka zote mbili chini ya paa moja, na uamuzi huo ulichukua zaidi ya karne moja na nusu kukubalika. Muda wote huo ugomvi ulikuwa uleule: nani apewe asubuhi, wakati akili bado mbichi, na nani apewe mabaki ya siku?

Umri uliopangwa zamani

Talmudi inamtaja Yoshua ben Gamla, kuhani mkuu wa miaka ya mwisho kabla ya Hekalu la Yerusalemu kubomolewa mwaka 70, kuwa ndiye aliyeagiza kila mji uwe na walimu na watoto waanze masomo wakiwa na miaka sita au saba. Ukurasa huohuo unaweka hata ukubwa wa darasa: watoto 25 kwa mwalimu mmoja, wakifika 40 aongezewe msaidizi, wakifika 50 walimu wawe wawili.

Mishna nayo, iliyokusanywa karibu mwaka 200, inapanga ngazi za umri: miaka mitano kwa Torati, kumi kwa Mishna, kumi na mitatu kwa wajibu wa amri za dini, kumi na mitano kwa Talmudi. Kwa hesabu hiyo, mtoto wa darasa la sita ameshavuka mlango wa Mishna na anakaribia umri wa kubeba amri mwenyewe. Wasichana hufika huko wakiwa na miaka 12, wavulana 13. Ndiyo maana mwaka huu mmoja umebebeshwa mambo mengi.

Kwa karne nyingi, katika Poland na nchi za Kijerumani, mtoto wa kiume alishinda kwa mwalimu wa dini tangu asubuhi hadi jioni. Hesabu na lugha za nchi zilikuwa za kujitafutia. Mambo yalianza kubadilika Berlin mwaka 1778, pale David Friedländer na Isaac Daniel Itzig, watu wa karibu wa mwanafalsafa Moses Mendelssohn, walipofungua shule ya bure iliyofundisha watoto wa Kiyahudi Kijerumani, Kifaransa na hesabu. Miaka minne baadaye Kaisari Joseph wa Pili wa Austria alitoa amri ya kuwavumilia Wayahudi wa Vienna, naye Naphtali Herz Wessely akaandika waraka akiwahimiza Wayahudi wapokee elimu ya dunia, hata kufikia kusema kwamba elimu ya utu inaitangulia Torati. Marabi wakubwa walimjia juu, akiwemo Ezekiel Landau wa Prague. Hawakuwa wakipinga hesabu yenyewe. Walichokikataa ni kuiona Torati ikisogezwa nyuma kwenye foleni.

Aliyepata njia ya kati ni Samson Raphael Hirsch, rabi mwenye msimamo mkali wa dini, aliyefungua shule Frankfurt mwaka 1853. Kwake masomo yote mawili yalikaa katika jengo moja na kupewa heshima, ila Torati ikabaki kuwa mwenye nyumba. Shule nyingi za Kiyahudi za Marekani ni wajukuu wa wazo hilo, hata zile zisizomtaja.

New York: masaa yaliyobaki

Marekani yenyewe ilianza mapema. Shearith Israel, jumuiya ya kwanza ya Kiyahudi mjini New York, ilikuwa na shule mwaka 1731. Mwanzoni ilifundisha Kiebrania, lakini mwaka 1755 ratiba ilikwishaongezwa Kihispania, Kiingereza, kuandika na hesabu. Karne iliyofuata wahamiaji kutoka Ujerumani walifungua shule zao za kutwa, na karibu zote zikafa ndani ya miongo michache. Shule za serikali zilikuwa bure, zilizidi kuwa nzuri, na pole pole zilipunguza mafundisho ya Kiprotestanti yaliyowakera wazazi. Dini ikahamishiwa Jumapili, kwa mfano ulioanzishwa na Rebecca Gratz mjini Philadelphia mwaka 1838.

Kisha wakaja Wayahudi wa Ulaya Mashariki kwa maelfu. Mwaka 1886 baadhi yao walifungua Etz Chaim katika mitaa iliyosongamana ya mashariki mwa Manhattan, na azimio lao la kuanzisha shule halikuacha shaka kuhusu asubuhi ni ya nani. Tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi alasiri ilikuwa Talmudi, Torati na sheria za dini. Baada ya hapo saa mbili za Kiingereza, na saa moja ya kusoma na kuandika Kiebrania na Kiyidi, lugha waliyokuja nayo wahamiaji hao. Lugha ya nchi mpya ilipewa watoto waliokwisha kuchoka.

Wayahudi wengi wa wakati huo waliona mpango huo ni kujifungia. Samson Benderly, aliyepewa kuongoza ofisi ya elimu ya Kiyahudi ya New York mwaka 1910, aliamini kwamba mtoto asome shule ya serikali pamoja na wenzake wote, na dini aifuate jioni katika madarasa yaliyopangwa vizuri. Kwa zaidi ya kizazi kimoja huo ndio uliokuwa msimamo wa walio wengi. Shule ya serikali ndiyo iliyomtoa mtoto wa fundi cherehani kwenye umaskini, na hakuna aliyetaka kuidharau.

Sheria ya Oregon

Jambo lililolinda shule hizi halikutoka kwa Wayahudi. Mwaka 1922 wapiga kura wa jimbo la Oregon, wakichochewa na kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan miongoni mwa wengine, walipitisha sheria ya kulazimisha karibu kila mtoto kusoma shule ya serikali. Walengwa hasa walikuwa Wakatoliki. Masista waliokuwa wakiendesha shule walikwenda mahakamani, na tarehe 1 Juni 1925 Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta sheria hiyo ikisema kwamba mtoto si mali ya serikali na mzazi ana haki ya kuchagua malezi yake. Wakili Louis Marshall, kiongozi wa shirika la Kiyahudi la American Jewish Committee, aliwasilisha hoja za kuwaunga mkono masista wale, ingawa wakati huo shule za kutwa za Kiyahudi zilikuwa za kuhesabu. Kila mtaala wa darasa la sita unaozungumziwa hapa unaegemea hukumu hiyo.

Miaka iliyofuata zilizaliwa shule zilizogawa siku kwa namna mpya. Yeshivah ya Flatbush, Brooklyn, iliyoanza mwaka 1927, ilifundisha masomo ya dini kwa Kiebrania chenyewe badala ya Kiyidi. Mwaka 1937 Joseph Lookstein alianzisha Ramaz mjini Manhattan akiwa na wanafunzi sita, akavichanganya vipindi vya dini na vya dunia siku nzima, ili mtoto asije akajifunza kutoka kwenye ratiba kwamba kimoja ni bwana na kingine ni mtumwa. Mwaka huohuo rabi Joseph B. Soloveitchik alifungua Maimonides mjini Boston, ambako wasichana walisomeshwa Talmudi pamoja na wavulana, jambo ambalo shule nyingi za Kiorthodoksi, yaani za Wayahudi wanaoshika sheria za dini kikamilifu, hazilikubali mpaka leo.

Vita vya Pili vya Dunia vilibadilisha hesabu yote. Vyuo vya Talmudi vya Poland na Lithuania viliteketezwa pamoja na watu wake, na waliosalimika walifika Marekani wakiwa na hakika kwamba kama elimu hiyo haitapandwa huko haitapandwa popote. Mwaka 1944 Shraga Feivel Mendlowitz wa shule ya Torah Vodaath, Brooklyn, alianzisha Torah Umesorah, chama kilichopeleka shule za kutwa hadi miji ambayo haikuwahi kuziona. Wayahudi wa madhehebu ya Conservative walifuata miaka ya 1950, na wa Reform, waliokuwa watetezi wakubwa wa shule za serikali, walifungua yao New York mwaka 1970. Sensa ya shule hizi ya mwaka 2018–19 ilihesabu wanafunzi wapatao 292,000 nchi nzima, wengi wao wakiwa watoto wa Kiorthodoksi wa New York na New Jersey.

Sarafu tatu barabarani

Ndani ya darasa, kipindi kinachosubiriwa kwa hamu na kwa hofu ni Gemara. Shule nyingi huanza na sura moja ya sheria za madai, inayohusu vitu vilivyookotwa. Sababu yake inaeleweka: haihitaji kujua dhabihu wala talaka, na hakuna mtoto ambaye hajapoteza kalamu.

Swali la kwanza ni jepesi. Umekuta sarafu zimetapakaa barabarani, ni zako? Mishna inasema ndiyo. Je, ukizikuta tatu zimepangwa moja juu ya nyingine? Hapo lazima utangaze, kwa kuwa mpangilio ule ni alama ambayo mwenye mali anaweza kuitaja. Mantiki yake ni kwamba kitu kisicho na alama mwenyewe hukikatia tamaa, na akishakata tamaa kinakuwa cha aliyekiokota. Gemara inaingia hapo na kuvuruga mambo. Vipi kama mwenyewe bado hajajua kwamba kimepotea, lakini angejua angekata tamaa? Rava, mmoja wa marabi wa Gemara, anasema hiyo inatosha. Mwenzake Abaye anasema mtu hawezi kukatia tamaa jambo asilolijua. Kwa kawaida wawili hawa wakibishana sheria humfuata Rava, isipokuwa katika kesi sita tu, na hii ni mojawapo.

Ubishi huo upo kwa Kiaramu, bila irabu na bila alama za vituo. Ukurasa wenyewe unatisha: maandiko katikati, Rashi upande wa ndani, wafafanuzi waliomfuata upande wa nje, mpangilio ulioanzia kwa wachapaji wa Soncino nchini Italia miaka ya 1480 na kukomaa Venice kwa Daniel Bomberg miaka ya 1520. Mtoto analazimika pia kujifunza herufi nyingine kabisa zinazoitwa za Rashi. Rashi, aliyeishi Troyes, Ufaransa, na kufariki mwaka 1105, hakuwahi kuandika kwa herufi hizo. Wachapaji ndio walizichagua ili ufafanuzi usichanganyike na maandiko.

Je, miaka 11 ni mapema mno? Lawama hizo ni za kale. Judah Loew wa Prague, maarufu kama Maharal, alilalamika tangu karne ya 16 kwamba watoto wanarushwa kwenye Gemara kabla Torati na Mishna hazijakaa sawasawa. Katika shule nyingi kali mgawanyiko wa jinsia unaanzia hapa: wavulana wanaingia Gemara, wasichana wanaendelea na Torati na wafafanuzi wake. Kwa wasichana mwaka huu una uzito mwingine tangu tarehe 18 Machi 1922, Judith Kaplan mwenye miaka 12 aliposimama mbele ya sinagogi la baba yake New York na kusoma Torati, tukio linalohesabiwa kuwa bat mitzvah (sherehe ya msichana kufikia umri wa kubeba amri) ya kwanza ya hadharani Marekani.

Farao wa asubuhi na Farao wa alasiri

Pande mbili za ratiba hukutana pale ambapo pengine hazikutarajia. Katika jimbo la California, kwa mujibu wa viwango vya mwaka 1998, darasa la sita ndilo la historia ya kale: Mesopotamia, Misri, Kushi, Waebrania, Ugiriki, Uhindi, China na Roma. Shule za binafsi hazilazimiki kuvifuata, ila nyingi hupita njia hiyohiyo.

Kwa hiyo asubuhi Farao ni mtesaji anayekataa kuwaachia watu waende zao. Alasiri Farao ni mfalme mwenye tarehe, makaburi na maandishi, na mwalimu wa historia anaweza kuonyesha picha ya jiwe la Farao Merneptah, lililogunduliwa Thebes mwaka 1896, lenye jina la kale kuliko yote linalojulikana la Israeli nje ya Biblia. Jiwe hilo la karibu mwaka 1208 kabla ya Kristo linajisifu kwamba Israeli imeangamizwa. Kuhusu watumwa kuondoka Misri halisemi lolote. Shule nyingine huacha kila mwalimu ajibu kivyake, nyingine huwakutanisha walimu wawili mbele ya darasa moja. Chaguo hilo humweleza mzazi mengi kuliko maneno ya kwenye tangazo la shule.

Karibu na kwetu, watoto wa Abayudaya, jumuiya ya Kiyahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 karibu na Mbale, Uganda, husoma katika shule ya msingi ya Hadassah pamoja na wenzao Wakristo na Waislamu. Huko anayeidai siku ya mtoto wa darasa la sita si dini wala rabi tu: kuna pia mtihani wa taifa wa kumaliza msingi unaosubiri darasa la saba.

New York nako serikali imerudi mezani. Septemba 2022 bodi ya elimu ya jimbo ilipitisha kanuni za kuzibana shule zote za binafsi zionyeshe kwamba masomo yao ya dunia yanalingana na ya serikali, baada ya wahitimu wa baadhi ya shule za Kihasidi, tawi la Waorthodoksi wenye msimamo mkali, kulalamika kwamba walimaliza bila Kiingereza na hesabu za kutosha. Watetezi wa shule hizo waliitaja hukumu ya Oregon, na wapinzani wao wakasema haki ya mzazi haifuti haki ya mtoto. Ni ubishi wa Etz Chaim mwaka 1886, sasa ukiwa na mawakili. Na kila kipindi katika ratiba ile ndefu kina rabi, mzazi au jaji aliyekipigania. Anayetaka kukiondoa kimoja ili mtoto apumzike ajiandae kuwajibu wote.