Jipu lisilopona

Mjini Bunia, titi likivimba na kutunga usaha, jina huwa moja: jipu. Kwa mama anayenyonyesha mara nyingi ni sahihi. Antibiotiki na kutolewa usaha humponya. Lakini jipu ni neno la ugonjwa wa siku chache. Uvimbe unaokaa miezi, unaopasuka, ukafunga, ukapasuka tena, tusiuite hivyo, maana jina hilo linamchelewesha mgonjwa. Huenda ni kifua kikuu cha titi, ambacho daktari Astley Cooper wa London alikieleza mwaka 1829. Huenda ni uvimbe sugu mwingine, unaotulizwa kwa dawa za steroidi, au kansa. Macho hayatofautishi. Kinyama kidogo kikatwe, kipimwe maabara. Steroidi zikitangulia kipimo, kifua kikuu huweza kusambaa. Dada, kiombe kipimo hicho.