Kilo Moja na Nusu

Nilikuwa na shilingi 40,000 za malazi na begi moja la mgongoni ambalo tayari lilikuwa limejaa. Utafiti wangu wa shahada ya uzamili ulinitaka nikae wiki saba katika wilaya za Ngara na Biharamulo nikilala kwa watu, na sikutaka kila nyumba nitakayofikia itoe blanketi lake kwa ajili yangu. Sisi wa Dar es Salaam hununua feni, hatununui joto. Nikaenda soko la mitumba la Karume.

Kaka mmoja alinionyesha mifuko mitatu ya kulalia. Yeye aliiita slipingi begi. Wa kwanza ulijazwa manyoya laini ya bata, ukikunjwa unakuwa kama mkate wa boflo, na bei yake ilinifanya nicheke. Wa pili ulikuwa wa "misimu minne", yaani uliotengenezwa kwa ajili ya theluji, na peke yake ungejaza begi zima. Wa tatu ulikuwa wa nyuzi za poliesta, kilo moja na nusu hivi, zipu imekwama katikati.

Nilikuwa nimejisomea kidogo. Tangu 2002 Ulaya ina kipimo cha pamoja cha mifuko hii, na lebo yake hubeba nyuzijoto tatu: ya kulala kwa raha, ya mwisho wa kuvumilia, na ile ya kukuokoa usife. Muuzaji hupenda kuitaja ya tatu. Mnunuzi aitazame ya kwanza. Manyoya huishinda poliesta kwa wepesi, lakini yakilowa hushikana na joto huondoka; poliesta ikilowa bado inasaidia kiasi. Ngara mjini ni karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni au Julai ni wa kuvaa soksi mbili, si wa theluji. Ile misimu minne ya lebo ni ya kwao. Ya kwetu ni kiangazi, masika, kipupwe na vuli, na miwili kati yake ni ya mvua. Nikachagua poliesta. Kaka alitaka 45,000. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, anafunga, siku haikuwa nzuri kwake, na nilikuwa naliona hilo. Tukamalizana kwa 26,000. Nilipanda daladala nikitabasamu.

Basi la Ngara hupita Kahama na kuingia Biharamulo kwa Nyakanazi, kisha hufuata barabara ya malori yaendayo Rwanda. Nguo zimekuwa fedha katika nchi hii tangu zamani. Mwaka 1861 John Hanning Speke na James Augustus Grant walipita Usui, nchi ambayo leo imo ndani ya wilaya hizi mbili, na mtawala wake Suwarora akawashikilia hadi walipotoa hongo ya vitambaa na waya. Waliozibeba bidhaa hizo walikuwa wapagazi. Asiyebeba hajui uzito wa kitambaa.

Nilifikia kwa bibi mmoja wa Kasulo, si mbali na Benaco. Nilipoutandika mfuko wangu sakafuni alisimama mlangoni akiutazama.

"Unaingia humo kama mahindi kwenye gunia, mjukuu wangu? Nyoka naye akiingia, utatokaje?"

Nikamwambia una zipu. Akaiangalia zipu.

"Baridi haitoki juu," akasema. "Inatoka chini." Akaleta nyasi kavu, mkeka, na blanketi la kijivu lililonuka moshi. Alikuwa sahihi, hata wauzaji wa Ulaya wanakiri: ujazo unaolaliwa hubanwa na mwili, hewa inatoka, na ardhi hunywa joto lako usiku kucha.

Blanketi lile nilikuwa nimelisoma kwenye ripoti kabla sijaligusa. Lina upana wa mita moja na nusu na urefu wa mita mbili, gumu kama gunia jipya, lenye vipande vya rangi mia ndani ya ukijivu. Blanketi za msaada za aina hii hufumwa kwa nguo kuukuu zilizochanwa na kusokotwa upya, kazi iliyoanzia Batley, Uingereza, kwa Benjamin Law, karibu mwaka 1813, na ambayo kwa miaka mingi sasa makao yake makubwa ni Panipat, India. Sweta zinazotupwa Ulaya na Marekani: zilizo nzima huja Karume, zilizochakaa huweza kuishia Panipat na kurudi Afrika zikiwa blanketi za wakimbizi. Na mfuko wa kulalia wenyewe ulianza kama blanketi. Mwaka 1876 Pryce Pryce-Jones, mfanyabiashara wa sufu wa Newtown huko Wales, alisajili Euklisia Rug, blanketi la kukunja na kufunga lenye mto wa mpira ndani yake.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 kwa makadirio ya UNHCR walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Wengi walikuwa wakulima. Ndani yao walikuwamo pia walioshiriki mauaji ya kimbari. Walikaa Benaco, mahali palipobaki na jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara. Turubai, blanketi, mahindi na maharage viligawiwa, na muda si mrefu vikawa vinauzwa na kubadilishwa vijijini.

Lakini blanketi la bibi halikutoka kwenye soko hilo. Mwanzoni mwa Desemba 1996 tamko la pamoja la Serikali ya Tanzania na UNHCR liliwataka Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya tarehe 31. Katikati ya mwezi maelfu walitoka makambini wakielekea upande wa pili, ndani ya Tanzania. Jeshi likawageuza. Barabara ya Rusumo ikajaa, mvua ikinyesha, na katika wiki chache zaidi ya watu 400,000 walivuka kurudi.

"Alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi," bibi alisema. "Blanketi lilikuwa limelowa, maji yanatiririka. Hakuweza. Akaniomba chakula, nikampa viazi vya kuchemsha, vinne. Akaniachia hili. Mimi nililitaka. Nililiona tangu akiwa mbali, nikajua hatafika nalo."

Kesho yake nililipeleka duka la maharage, likiwa kavu, nikalipima. Mizani ilisimama kwenye kilo moja na nusu.

Katika daftari langu nilikuwa na safu iliyoandikwa "mahusiano ya kibiashara kati ya wenyeji na wakimbizi". Nilikaa na kalamu muda mrefu. Bibi akaniambia niandike, ila jina lake niliache. Kisha akauliza mfuko wangu niliununua kwa bei gani.

"Elfu ishirini na sita, bibi."

"Alitaka ngapi?"

"Arobaini na tano."

"Jioni?"

Nikasema ndiyo. Akasukuma kuni ndani ya moto, akaniuliza kama nakula maharage yenye chumvi nyingi.

Usiku ule nililalia nyasi, mkeka, blanketi lililokunjwa mara mbili, kisha mfuko wangu, zipu ikiwa wazi pale ilipokwama. Sikusikia baridi.