Shamba la Babu na Madini Yaliyo Chini Yake

Ndugu wana-Mbingu, kila mkutano swali hili hurudi: babu alifyeka pori, shamba tukarithi, je, vito vikionekana kama kule Mahenge, ni vya nani?

Mwaka 1895 Wajerumani walitangaza ardhi yote isiyo na mwenyewe kuwa mali ya dola yao, na wao ndio walioamua nani ni mwenyewe. Mwaka 1923 Waingereza wakaiweka chini ya Gavana. Leo, kwa Sheria ya Madini ya 2010, madini ni mali ya Jamhuri, Rais akiwa mdhamini. Basi “hati ya madini ya ukoo” haipo, na anayewauzia wazee wetu karatasi hiyo ni tapeli.

Tunachorithi ni haki ya ardhi. Mwenye leseni hachimbi penye nyumba au mazao bila ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali, na fidia hudaiwa. Haki ya kimila inatambuliwa hata bila hati, lakini mwembe na kaburi la babu huhitaji mashahidi walio hai. Hatimiliki ya kimila, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, hubaki hata wazee wakiondoka (wahasibu tunapenda karatasi, mtuvumilie). Mchango wa mwaka huu utaanza na upimaji wa mashamba ya wajane.