Akina mama wa Katuba: kazi na malezi katika mji wa shaba

Katuba ni mojawapo ya komini saba za Lubumbashi. Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, kwa ajili ya shaba iliyochimbwa na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Mitaa ya kwanza ya Waafrika, Cité Albert (leo Kamalondo) na Kenya, ilipojaa watu, utawala wa Wabelgiji ulipima viwanja vipya mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1957 Katuba ikawa komini. Baadhi ya mitaa yake ina majina ya maji ya Katanga: Kisale, Upemba, Lufira. Ili kuelewa jinsi akina mama wa huko walivyochanganya kazi na malezi, lazima kuanzia kwenye kambi za kampuni, kwa sababu Katuba ilikua kando ya kambi hizo bila kupata mema yake yote wala kubanwa na amri zake zote.

Katika miaka ya mwanzo Élisabethville ulikuwa mji wa wanaume. Kampuni iliwachukua vijijini kwa mikataba mifupi, wengi wakafa kwa magonjwa, wengine wakatoroka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière ilibadili siasa yake: mikataba ikawa ya miaka mitatu, na mfanyakazi akahimizwa kuja na mke. Mke na kila mtoto walihesabiwa katika posho ya unga, nyama na chumvi. Zikajengwa nyumba za uzazi na zahanati za watoto wachanga. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia siasa hiyo kwa miaka mingi, hakuficha shabaha yake: mtoto aliyezaliwa na kukulia kambini, akafunzwa katika shule za mapadri Wabenediktini, angekuwa mfanyakazi wa kesho.

Kwa hiyo malezi yakawa jambo la kampuni. Desturi ya zamani ya kunyonyesha miaka miwili au mitatu, mume akijitenga na mkewe muda huo ili mtoto apate nguvu kabla ya kuja mwingine, wakoloni waliiona kuwa kizuizi cha kuongezeka kwa watu. Uji na maziwa ya zahanati viliokoa watoto wengi, hilo halina ubishi. Lakini vilitolewa pamoja na shinikizo la kufupisha nafasi kati ya mtoto na mtoto, na mama aliyekuwa na kiasi chake cha kulea alijikuta analea kwa kiasi cha kampuni.

Kazi ya mshahara kwa wanawake karibu haikuwapo. Hata kazi za nyumbani kwa wazungu, ambazo katika miji mingi ya dunia ni za wanawake, huku zilishikwa na wanaume walioitwa maboyi. Historia ya mji iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili cha Lubumbashi ni historia ya maboyi hao. Mwanamke alifundishwa kushona, kupika, kufua na kumwosha mtoto, kwanza katika shule za kampuni, kisha katika vituo vya jamii vilivyoitwa foyers sociaux. Mume analeta mshahara, mke anatunza nyumba: ndiyo sura ya familia iliyosifiwa hapo.

Katuba haikuweza kuishi hivyo. Waliokuja kujenga huko walikuwa makarani, mafundi, watu wa reli, vibarua na wachuuzi, na wengi wao hawakuwa na kampuni ya kuwapimia posho. Badala yake walikuwa na kitu ambacho mtu wa kambini hakuwa nacho: kiwanja. Lupango, yaani nyumba pamoja na ua wake, ndiyo iliyompa mama wa Katuba mahali pa kufanyia kazi bila kuwaacha watoto. Nyuma ya nyumba alipanda lengalenga na matembele. Mvua zilipoanza Novemba alikwenda shambani nje ya mji, mtoto amefungwa mgongoni kwa kikwembe. Mbele ya nyumba aliuza.

Munkoyo unaonyesha vizuri jinsi kazi hiyo ilivyopangwa. Uji mwepesi wa mahindi hupikwa kwenye sufuria kubwa, ukaachwa upoe hadi uwe vuguvugu, ndipo mizizi ya munkoyo iliyopondwa hutiwa ndani. Mizizi hiyo huuyeyusha uji ukawa maji matamu, na kesho yake huchujwa na kuuzwa. Yanayohitaji mikono ni kuponda, kupika na kuchuja. Saa nyingine zote sufuria inajifanyia kazi, na mama ananyonyesha, anafua, anamngoja mtoto wa shule. Bitumbula (vitumbua) navyo hukaangwa alfajiri juu ya mbabula, jiko la makaa, watoto wakiwa bado wamelala, na wa kwanza kula ni wa nyumbani. Si kila biashara ilikuwa na wema huo. Lutuku, pombe kali ya kutonesha, ilileta pesa zaidi lakini ilikatazwa na sheria, na mama aliyekamatwa aliacha watoto mikononi mwa jirani.

Malezi hayo hayakuwahi kuwa ya mtu mmoja. Nkambo, yaani bibi, alichukua mjukuu aliyeachishwa ziwa. Binti wa kwanza alibeba wadogo zake, mara nyingi kwa gharama ya masomo yake mwenyewe. Hapo ndipo mzigo ulipoangukia, na sifa zinazotolewa kwa mama wa Katanga mara nyingi humsahau binti huyo. Kanisa nalo lilichangia. Mwendo wa Jamaa, ulioanzishwa na padri Placide Tempels huko Kolwezi mwaka 1953 na kuenea katika miji ya shaba, ulifundisha uzima, uzazi na mapendo kwa mume na mke pamoja, na wanawake walisimama kufundisha kama wanaume.

Siasa ilivunja mpangilio huo zaidi ya mara moja. Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, alitangaza jimbo hilo kujitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960. Kuanzia Agosti 1961 makumi ya maelfu ya watu, hasa Baluba, wakihofia usalama wao, walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa kandokando ya mji, na wengi waliondolewa humo mwaka 1962 bila kurudi kwenye lupango zao.

Miaka ya Gécamines, mrithi wa Union Minière, wafanyakazi walisema kuwa kampuni ndiyo baba na ndiyo mama. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 2001 jinsi baba huyo alivyowaacha wanawe. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, uporaji ukafuata Oktoba 1991, na uzalishaji wa shaba uliokuwa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka ukashuka chini ya tani 50,000 kufikia 1993. Mishahara ikachelewa miezi mingi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia.

Wake wa kambini waliolelewa kukaa nyumbani ilibidi wajifunze uchuuzi katika umri wa utu uzima. Mama wa Katuba alikuwa ameujua tangu ujana: makaa kwa mafungu, unga wa bukari (ugali) kwa kipimo, likelemba (mchango wa zamu) ya kuweka mtaji, safari ya Kasumbalesa mpakani kuleta bidhaa za Zambia. Ila sasa pesa hiyo, ambayo zamani iliongezea ya mume, ilikuwa ndiyo kodi, dawa na karo. Safari ndefu zilimtenga na watoto zaidi kuliko kazi ya lupango ilivyowahi kumtenga.

Sheria zilifuata polepole. Kanuni ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke kuwa na idhini ya mumewe kwa mambo mengi ya kisheria; sharti hilo liliondolewa na sheria ya Julai 2016. Kanuni ya kazi ya Oktoba 2002 inampa mfanyakazi likizo ya uzazi ya wiki 14 kwa theluthi mbili za mshahara, na mapumziko mawili ya nusu saa kila siku ya kunyonyesha. Haki hizo zinamfikia mwalimu, muuguzi na karani. Mama anayeuza mbele ya nyumba au sokoni hana mwajiri wa kumdai wiki hizo, naye hurudi kazini siku nguvu zinapomrudia, mtoto akiwa naye. Elimu ya bure ya shule ya msingi ya serikali, iliyoanza Septemba 2019, ndiyo hatua iliyomfikia moja kwa moja, kwa kuwa karo ilikuwa sababu kubwa ya biashara yake.