Kuongeza au Kubadili? Historia Fupi ya Tiba ya Testosteroni

Katika kueleza tiba ya testosteroni, homoni ya kiume itokayo hasa katika korodani, mtu hushawishika kusema kwamba mgonjwa «anaongezewa» homoni. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba kitenzi hicho kinapotosha.

Mwaka 1849, huko Göttingen, Arnold Berthold aliwahasi majogoo, kisha akawapandikizia korodani tumboni. Nao wakaendelea kuwika na kupigana kama majogoo wazima. Mwaka 1889, mjini Paris, Brown-Séquard, mwenye umri wa miaka 72, alijidunga maji ya korodani za wanyama, akatangaza kwamba nguvu zimemrudia. Testosteroni yenyewe ilitengwa Amsterdam mwaka 1935 na kundi la Ernst Laqueur. Mwaka huohuo Butenandt na Ruzicka, kila mmoja kwa upande wake, waliiunda maabarani.

Hata hivyo, onyo lilikuwa limekwisha kutolewa. Mwaka 1932, huko Chicago, Carl Moore na Dorothy Price walieleza, kutokana na majaribio ya panya, kwamba homoni za uzazi huizuia tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo. Tezi hiyo ndiyo inayoziamuru korodani kufanya kazi. Homoni ya nje ikijaa katika damu, amri hupungua. Korodani hupunguza homoni yao na mbegu za uzazi, hata husinyaa. Iwe ni sindano, plasta au jeli ya kupaka, kanuni ni hiyohiyo, ingawa kiwango hutofautiana.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulichapishwa mwaka 1990 na Shirika la Afya Duniani: wanaume 271 wenye afya, kutoka nchi saba, walidungwa miligramu 200 kila juma, na 157 kati yao wakakosa mbegu kabisa. Dawa iliyosifiwa kuwa nguvu za kiume ilikuwa imejaribiwa kama kinga ya mimba.

Kwa hiyo, homoni ya nje haiongezi tu. Hushika nafasi ya ile ya asili, na dawa ikiachwa, korodani huweza kuchukua miezi mingi kurejea kazini. Yule ambaye korodani zake zimekwisha kushindwa hapotezi mengi. Lakini kijana atafutaye mtoto, akiambiwa «unaongezewa», atatarajia kinyume cha yatakayompata. Hapana budi basi tuseme «tiba ya kubadili homoni», na mgonjwa aelezwe kinachobadilishwa.